UZI: Kupanga safari ya Lübeck, mji wa kale wa Hanse kaskazini mwa Ujerumani. Tuweke mambo ya vitendo hapa

TofaliJekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya safari za Ujerumani humu huishia Berlin na Munich. Uzi huu ni wa Lübeck peke yake, mji ambao kwa karne kadhaa ulikuwa kichwa cha umoja wa miji ya wafanyabiashara uitwao Hanse. Mkutano mkuu wa kwanza wa umoja huo ulikaa hapo 1356, na wa mwisho ukakaa hapohapo 1669. Mji mkongwe uko juu ya kisiwa chenye urefu wa kilomita mbili hivi na upana wa kilomita moja, umezungukwa na mto Trave pamoja na mfereji. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 1987. Unatembeleka wote kwa miguu.

Naanza na jambo linaloharibu safari nyingi za mji huu: siku ya wiki. Watu huchagua mwezi kwa makini, kisha wanakata tiketi ya ndege kwa siku yoyote iliyo rahisi. Wanaingia Jumamosi jioni, wanalala mara mbili, wanaondoka Jumatatu mchana. Hesabu waliyopata ni hii: Jumapili maduka mengi yamefungwa kwa mujibu wa sheria, na makanisa yana ibada asubuhi, kwa hiyo mgeni hawezi kuzurura ndani. Jumatatu makumbusho mengi ya mji hayafunguki kabisa. Kumbe wamelipa nauli yote ile waje kuona milango.

Mpangilio unaofaa ni kuingia Jumanne mchana, kulala usiku mbili au tatu, na kuondoka Alhamisi jioni au Ijumaa. Ikiwa huna njia ya kukwepa Jumapili na Jumatatu, basi Jumapili nenda baharini Travemünde, na Jumatatu iwekee Europäisches Hansemuseum, makumbusho ya Hanse, ambayo hufunguliwa hata siku hiyo. Lango la Holstentor nalo hufunguliwa Jumatatu kuanzia Aprili hadi Desemba, lakini Januari hadi Machi hufungwa siku hiyo.

Karibuni tuongezee. Tafadhali tuandike vitu vya uhakika.

---

Karafuu77

Asante mkuu kwa uzi. Tuanzie mwanzo kabisa: viza. Watu wazima wawili, mtoto wa miaka 9, pasipoti za Tanzania. Waombe lini na gharama ikoje?

---

Mchora_Ramani

Dada Karafuu77, hiyo ni viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya muda mfupi, aina C. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo cha kupokea maombi kinaweza kuongeza gharama yake juu ya hapo.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika 45. Kinachokwamisha zaidi ni nafasi ya miadi, hasa kwa safari za Juni hadi Agosti. Anza kutafuta miadi miezi minne au mitano kabla.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari ilipe matibabu kuanzia euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Bima inayotaja Ujerumani tu hurudishwa.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kwanza, pesa zinazoingia benki ghafla wiki moja kabla ya ombi. Ofisa anasoma taarifa ya miezi mitatu, anaona akaunti iliyokuwa na laki mbili imepanda mara moja kuwa milioni kumi bila maelezo. Kama ni mauzo ya kiwanja au malipo ya kikundi, ambatisha karatasi yake.

Pili, ratiba isiyolingana na hoteli. Ukiandika usiku nne Lübeck na tatu Copenhagen, hoteli zionyeshe hivyohivyo. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Tatu, kusoma stika vibaya. Kwenye viza kuna tarehe za kuanzia na kuishia, na kando yake kuna idadi ya siku. Dirisha linaweza kuwa la siku 25 na siku zako zikawa 10 tu. Unahesabu hizo 10, ikiwemo siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kuna watu wamepata alama mbaya kwenye rekodi kwa kuangalia tarehe ya mwisho peke yake.

Ukikataliwa, ile njia ya zamani ya kuandika barua ya kupinga ubalozini Ujerumani waliifuta tangu Julai 2025. Kilichobaki ni kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kwenda mahakamani Berlin. Kwa safari ya matembezi, omba upya.

---

Karafuu77

Shukrani sana. Na alama za vidole zile za mpakani?

---

Mchora_Ramani

Ni vitu viwili. Vya viza hutolewa wakati wa kuomba na hutumika miezi 59. Vya mpakani ni mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025: ofisa anapiga picha mara ya kwanza unapoingia. Mwenye viza vidole vyake havisajiliwi upya, kwa sababu tayari viko kwenye mfumo wa viza. Watoto chini ya miaka 12 hupigwa picha tu. Foleni imeongezeka kwa sababu hiyo, kwa hiyo ukiunganisha ndege Frankfurt kwenda Hamburg, acha saa tatu kati ya ndege na ndege, maana uhamiaji unaumalizia Frankfurt. Ukipitia Istanbul, Dubai au Doha hadi Hamburg moja kwa moja, uhamiaji ni Hamburg na huna cha kukimbilia.

---

ReliYaKati

Niingie kwenye usafiri. Lübeck ina kiwanja kidogo cha ndege, msikihesabu. Mlango wake ni Hamburg.

Kutoka uwanja wa ndege wa Hamburg panda treni ya mjini S1 hadi Hamburg Hauptbahnhof, stesheni kuu, dakika 25 hivi. Hapo panda treni ya mkoa RE8 au RE80. Mwendo ni kama dakika 45, na kwa siku za kawaida kuna treni kila nusu saa. Huhitaji kuweka nafasi ya kiti, na bei haipandi ukichelewa kununua.

Tiketi ndipo watu wanapoumia. Tiketi ya jiji la Hamburg, yenye alama ya hvv, haifiki Lübeck. Mgeni anaona treni inatoka stesheni ileile, anadhani tiketi ya siku ya mjini inamtosha. Faini ni euro 60 kwa kila mtu, na mkaguzi hasikilizi habari ya ugeni.

Mkiwa wawili hadi watano na mnakwenda na kurudi siku hiyohiyo, nunueni Schleswig-Holstein-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo lenye Lübeck. Inafanya kazi pia Hamburg na hadi Travemünde, treni zote za mkoa, mpaka saa tisa usiku. Sharti lake: Jumatatu hadi Ijumaa inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Treni ya saa mbili na dakika hamsini haimo, hata kama itafika saa tatu na nusu. Jumamosi na Jumapili inaanza usiku wa manane.

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ni euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026. Inafaa kwa anayezunguka wiki mbili au zaidi. Lakini ni mkataba unaojirudia: usipoufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, unakatwa na mwezi unaofuata. Pia haipandi treni za mwendo kasi za ICE wala IC.

Ukiona herufi SEV kwenye programu ya treni, maana yake reli iko kwenye matengenezo na kipande hicho kinafanywa kwa basi. Basi halisimami jukwaani, linasimama nje ya stesheni kwenye alama ya zambarau au ubao wenye neno Ersatzverkehr. Ongeza nusu saa.

---

Nahodha_wa_Jahazi

Mkuu ReliYaKati umegusa S1, niongeze la kurudi maana limewakosesha watu ndege. Ukitoka mjini kwenda uwanja wa ndege, treni ya S1 hukatwa vipande viwili stesheni ya Ohlsdorf. Mabehewa ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Panda mbele kabisa tangu mwanzo. Kama umekaa nyuma, shuka Ohlsdorf utembee jukwaani kuelekea mbele. Muda upo, ila ukiwa na mabegi manne na mtoto si muda wa kuchezea.

---

MamaChapati

Haya, mmefika. Tuambieni vya kuona, na kwa mpangilio gani.

---

TofaliJekundu

Kutoka stesheni unatembea dakika kumi, unakutana na Holstentor uso kwa uso. Lilijengwa 1464 hadi 1478. Simama upande wa stesheni uangalie minara yake miwili: imeinama. Ardhi ya pale ni laini, ya tope la mtoni, na uzito wa tofali uliizamisha tangu ujenzi ukiendelea. Matundu ya chini ya kurushia silaha leo yako chini ya usawa wa ardhi. Upande wa nje ukuta una unene wa mita tatu na nusu. Upande wa mjini ni mwembamba na umejaa madirisha, kwa sababu adui hakutarajiwa kutoka huko.

Kulia kwake, kando ya maji, kuna maghala sita ya chumvi yaliyojengwa kati ya 1579 na 1745. Usiyapite haraka. Chumvi ilichimbwa Lüneburg, ikaletwa kwa mashua kupitia mfereji uliokamilika 1398, ikavushwa hadi Skandinavia kuhifadhia samaki wa Hering. Ulaya ya Kikatoliki ilikuwa na siku nyingi za mfungo zisizo na nyama, kwa hiyo samaki wa chumvi walikuwa na soko la uhakika. Utajiri wote unaouona ng'ambo ya daraja umeanzia kwenye biashara ya namna hiyo. Mtu wa pwani atauelewa mji huu mapema kuliko mgeni wa bara.

Ukivuka, panda kanisa la Petrikirche kwanza. Lina lifti hadi mita 50. Kutoka juu unauona mji mzima kama ramani, na baada ya hapo hupotei tena. Fanya hivyo siku ya kwanza, hali ya hewa ikiwa safi.

Kisha Marienkirche. Dari la matao lina urefu wa mita 38.5, na hakuna dari la matao ya tofali refu kuliko hilo duniani. Kaskazini huku hakuna mawe ya kujengea, kwa hiyo walichoma udongo na kuiga kwa tofali makanisa ambayo Wafaransa waliyajenga kwa jiwe. Ingia hadi chini ya mnara wa kusini. Hapo sakafuni kuna kengele mbili kubwa zilizovunjikavunjika, pale pale zilipoangukia usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1942, mji uliposhambuliwa kwa ndege na kanisa kuungua. Shaba imepasuka kama chungu, na vigae vya sakafu vimebonyea chini yake. Baada ya vita kanisa lilijengwa upya, lakini kengele hizo hazikuguswa. Tenga dakika za kukaa kimya hapo. Ni mahali pazito kuliko pote Lübeck.

Jirani ni Rathaus, ofisi ya mji tangu karne ya 13. Angalia ukuta wake wa juu wenye matundu makubwa ya duara. Ule ukuta umesimama peke yake, hauna paa nyuma. Matundu ni ya kupitisha upepo wa Baltiki usije ukauangusha.

Siku ya pili asubuhi iwe ya Hansemuseum, upande wa kaskazini wa kisiwa. Saa tatu zinahitajika. Mchana uwe wa vichochoro.

---

TofaliJekundu

Vichochoro naviandikia ujumbe wake, kwa sababu hivyo ndivyo watu hukosa. Wenyewe huviita Gänge. Mji ulipojaa, wenye nyumba za barabarani walitoboa njia ndani ya nyumba zao na kujenga vibanda vya wafanyakazi uani. Vimebaki kama 90. Mlango wake kutoka barabarani unaonekana kama shimo tu ukutani, mwingine ni mfupi kiasi kwamba mtu mrefu anainama. Inasemekana kipimo cha chini kilikuwa jeneza liweze kupita. Ndani unatokea kwenye njia nyembamba yenye nyumba ndogo, waridi zimepanda ukutani, baiskeli imeegemezwa.

Anzia mtaa wa Engelswisch, kuna Hellgrüner Gang. Kisha Glockengießerstraße, kuna Füchtingshof ya 1639, iliyojengwa kwa ajili ya wajane wa mabaharia na wafanyabiashara.

Wanaishi watu humo, kwa hiyo piga hodi kwa mwenendo wako: sauti ya chini, usichungulie madirishani, usipige picha za mtu kibarazani kwake. Kukiwa na lango lililofungwa, liache. Kundi la watu kumi lisiingie pamoja.

Na usipoteze muda kutafuta nyumba ya ukoo wa Mann, ukoo wa mwandishi Thomas Mann, Mengstraße 4. Imefungwa kwa ujenzi mkubwa tangu 2020. Badala yake kuna nyumba ya Willy Brandt, Königstraße 21, kansela wa zamani aliyezaliwa mji huu 1913. Kiingilio bure.

---

Karafuu77

Chakula halali kinapatikana? Na ile marzipan ina pombe?

---

MamaChapati

Hilo nalijua vizuri, dada. Migahawa ya Kituruki ipo, tafuta neno Halal mlangoni au uulize. Migahawa ya Kijerumani hutumia nguruwe hata mahali usipotarajia: viazi vya kukaanga vyenye neno Speck vina mafuta na vipande vya nguruwe, na supu ya njegere vivyo hivyo. Salama zaidi ni samaki. Fischbrötchen ni mkate mdogo wenye samaki, kitunguu na tango la siki. Ukipenda aliyepikwa sema Backfisch, maana Matjes na Bismarck hawajapitia moto.

Marzipan ni lozi zilizosagwa na sukari. Jina la Lübecker Marzipan linalindwa kisheria Ulaya: iliyo bora, Edelmarzipan, ina kinyunga cha lozi asilimia 90 na sukari ya kuongeza haizidi 10. Hiyo ndiyo ya kununua. Ukiikata kwa kisu inabaki na umbo lake, haivutiki kama halua, na unasikia chembe za lozi kwenye ulimi. Ya bei rahisi ina sukari nyingi, inang'aa na kunata.

Kuhusu pombe: geuza pakiti usome sehemu iliyoandikwa Zutaten. Ukikuta Alkohol, Likör, Rum au Weinbrand, rudisha. Nyingine zinakuwa na kiasi kidogo hata pale ambapo picha ya mbele haionyeshi. Duka maarufu la Niederegger, lililoanzishwa 1806, liko mkabala na Rathaus. Wauzaji wamezoea swali hilo, waulize „ohne Alkohol?“ watakuonyesha.

Kumbuka kwamba marzipan iliyopakwa chokoleti huyeyuka begini. Ukirudi Dar au Mombasa, ifunge ndani ya nguo katikati ya begi kubwa.

---

Nahodha_wa_Jahazi

Kwa kuwa safari inapita Hamburg, wanaotaka kuzuru kaburi la Sayyida Salme, binti wa Sultan Said bin Sultan wa Zanzibar: alizaliwa 1844, akafika Hamburg 1867 kama Emily Ruete, akafariki Jena 1924, akazikwa Hamburg kwenye makaburi ya Ohlsdorf, sehemu ya ukoo wa Ruete. Shuka stesheni ya Ohlsdorf kwa S1 au treni ya chini ya ardhi U1.

Usiingie ukitarajia kuliona kwa kutembeatembea. Makaburi yale yana karibu hekta 390, ni msitu wenye barabara, na mabasi ya namba 170 na 270 hupita ndani yake. Eneo limegawanywa kwa herufi na namba. Anzia lango kuu la Fuhlsbüttler Straße, chukua ramani, taja jina Ruete, waombe wakuwekee alama. Tenga nusu siku nzima, nayo iwe siku ya Hamburg. Ukijaribu kuibana kwenye siku ya Lübeck utaharibu zote mbili.

---

Mwendo_Pole

Naomba msaada kuhusu mama mwenye miaka 72, magoti yanamsumbua. Ataweza?

---

Mchora_Ramani

Ataweza, mkipanga vizuri. Kinachochosha ni mawe ya barabarani, ya duara na yenye mianya, hasa upande wa kanisa la Dom na kwenye vichochoro. Viatu viwe na soli nene isiyopinda sana. Begi la magurudumu madogo hufa hapo. Chukueni hoteli karibu na stesheni, au teksi hadi mlangoni mwa hoteli ya kisiwani.

Mpangieni Petrikirche kwa lifti, Hansemuseum nayo ina lifti, na Marienkirche ina viti. Kisha boti ya kuzunguka kisiwa, saa moja hivi, inaondoka karibu na Holstentor. Kwa mama, boti ndiyo iwe ya kwanza, mengine yafuate kwa kadiri ya nguvu. Kwa baharini, treni hadi Travemünde Strand inamshusha karibu kabisa na ufuo.

---

ReliYaKati

Machache yaliyobaki. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, Desemba saa kumi alasiri. Miezi ya baridi upepo mkali wa kaskazini mashariki ukisukuma maji ya Baltiki, Trave hupanda na barabara za kando yake hufurika. Mwenye gari la kukodi asiegeshe An der Obertrave siku hizo.

Kadi: baadhi ya maduka madogo hupokea girocard tu, ambayo ni ya benki za Kijerumani. Kadi yako ya Visa itakataliwa hata kama ina pesa. Tembea na euro 50 taslimu kwa siku.

Chupa ya plastiki au kopo lenye alama ya Pfand ina amana ya senti 25. Rudisha kwenye mashine ya supamaketi yoyote. Maji ya bomba yanywewa bila shaka yoyote.

---

Mwendo_Pole

Mungu awabariki wakuu. Swali la mwisho: hoteli inatufungulia chumba saa tisa, treni inafika saa tano. Mizigo?

---

ReliYaKati

Ulizeni hoteli kwanza, nyingi hupokea mizigo bila malipo. La sivyo, stesheni ya Lübeck ina makabati ya kufungia. Kabati kubwa linaingiza begi moja kubwa na mkoba, kwa hiyo hesabuni mawili. Badilisheni noti kwa kununua maji Hamburg mapema, mpate sarafu za euro moja na mbili, kwa sababu hata choo cha stesheni hudai sarafu.